Risasi Inapogoma Kuingia

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii twaijua sote, na bado wengi wetu huyaona mawingu tukaanika mahindi. Swali ninalotaka kulitafakari ni hili: kitu kinapotukatalia, je, tuna haki ya kutumia nguvu kabla ya kuuliza sababu?

Mfano wangu nautoa katika bunduki. Hapa Morogoro silaha si jambo geni. Mjini lipo Shirika la Mzinga, linalojulikana tangu miaka ya 1970 kwa kutengeneza risasi. Na katika vijiji vya milima ya Uluguru wamekuwapo wakulima waliolinda mashamba kwa gobore. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: hutiwa baruti, kisha vipande vya chuma, na vyote hushindiliwa kwa ufito. Gobore halikatai kitu. Ukizidisha baruti hupokea. Ukisahau ukashindilia mara mbili hupokea pia. Jibu lake hulitoa mara moja tu, mbele ya uso wa mwenyewe.

Bunduki ya kisasa ina tabia nyingine. Huko Marekani na Afrika Kusini wapo wawindaji wanaojitengenezea risasi nyumbani kwa kuyajaza tena maganda yaliyokwisha kupigwa. Risasi inapolipuka, ganda lake la shaba hutanuka na kujaza chemba, yaani ile nafasi iliyo nyuma ya mtutu. Kabla ya kujazwa tena, ganda hurudishwa umbo lake katika kalibu ya chuma. Na kwa kuwa hurefuka kidogo kidogo, shingo yake hupimwa na kukatwa. Jambo moja likikosewa, risasi huingia kwa shida na bolti hugoma kufunga.

Hapo ndipo penye mtihani, maana mkono unaweza kuisukuma bolti ikafunga. Lakini ugumu huo una sababu nyingi. Pengine mabega ya ganda hayakurudishwa vya kutosha. Pengine kichwa cha risasi kimekaa mbele mno, kikagusa mitaro ya ndani ya mtutu. Pengine shingo ni ndefu mno. Ikisukumwa hukibana kichwa kisiachie upesi, na nguvu ya gesi ikapanda kupita kiasi. Mkono hauzitambui tofauti hizo. Kwake zote ni ugumu uleule.

Mtu mwangalifu huelekeza mtutu mahali salama, akaitoa risasi taratibu. Ikikwama kabisa hagongi. Humwita fundi wa silaha. Zile za fungu lilelile huziweka kando. Kisha huchukua ganda tupu, lisilo na baruti wala fataki, akalijaribu katika chemba. Likiingia vizuri, hulitia kichwa peke yake akajaribu tena, huku amelipaka wino ili aone panaposugua. Huenda hatua moja moja mpaka aijue sababu.

Kwa nini basi wengine husukuma? Nadhani ni kwa sababu risasi ile ni kazi ya mikono yao. Katika kiwanda kilichopangwa vyema, anayejaza siye anayekagua. Afanyaye kazi peke yake ni mtengenezaji na hakimu kwa pamoja, tena hakimu anayempenda mshtakiwa. Chemba ndiyo pekee iliyobaki ya kumwambia hapana. Akiishinda kwa nguvu, amemfukuza shahidi wa mwisho. Na chuma kikipasuka hakichagui kati yake na aliyesimama kando yake.

Wapo watakaosema kwamba uangalifu ni anasa, kwamba nguruwe akiwa shambani hangoji mtu apime. Hoja hiyo ina uzito, lakini mahindi hupandwa tena, macho hayapandwi. Na kama mkulima wa gobore hakupata wa kumwonya, aliyeonywa ana wajibu mkubwa zaidi.

Ndugu msomaji, bunduki ni mfano tu. Mwenye madaraka nyumbani au ofisini hukutana kila siku na mtoto anayebisha, au karani anayesita kutia saini. Uwezo wa kuwasukuma anao. Wakubwa wengi wangependa kuzungukwa na magobore, yanayopokea kila kinachoshindiliwa. Na kwa muda mrefu hudhani kwamba mambo yao ni shwari.