Imani ya Mtoto na Amri ya Baba

Wako akina baba wengi Wakristo ambao Jumapili asubuhi hukutwa na shauri gumu. Watoto wadogo wamekwisha oga na kuvaa. Mama amefunga mlango wa jikoni. Lakini yule kijana mkubwa, aliyepokea Kipaimara mwaka juzi tu, angali amejifunika shuka. Akiitwa haitiki. Akiitwa mara ya pili asema anaumwa kichwa, na kila mtu nyumbani ajua ya kuwa haumwi. Baba afanye nini? Amwamuru? Amwache? Na kama akimwamuru, je, kile ambacho kijana atakipata kanisani kwa amri ya baba chaweza kuitwa imani?

Swali hili wazazi huulizana njiani watokapo Misa, na majibu husikika upesi. Mmoja asema: nyumba ni yangu, chakula ni changu, naye atasali. Mwingine, ambaye mara nyingi amesoma zaidi, asema: mwache mtoto akue, atachagua mwenyewe. Ndugu msomaji, katika kila jibu mna ukweli kidogo. Kosa lao ni moja: yote mawili yamtua baba mzigo wake upesi mno.

Tuanze na lile la pili, maana ndilo linalopendwa siku hizi. Mimi sikuulizwa kama napenda kusema Kinyamwezi. Nilikisikia nikiwa mgongoni mwa mama yangu, nikakisema kabla sijajua kwamba ziko lugha nyingine duniani. Baadaye nilijifunza Kiswahili, na leo nakiandika kuliko lugha ya mama. Hakuna aliyewahi kusema kwamba wazazi wangu waliniondolea uhuru kwa kusema nami. Kama wangalininyamazia mpaka nifike umri wa kuchagua lugha, wangalinilea bubu. Ndivyo ilivyo na imani. Mtoto aliyekua bila kusikia sala nyumbani hakuachiwa nafasi ya kuchagua. Amenyimwa kitu ambacho angaliweza kukichagua au kukikataa kwa kukijua.

Kwa hiyo Kanisa haliogopi kuwaagiza watoto. Kwa sheria yake, mtoto aliyetimiza miaka 7 na kupata akili ya kutosha amefungwa na amri ya Misa ya Jumapili kama sisi wakubwa. Lakini sheria hiyo hiyo humhesabu mtu kuwa mtu mzima akitimiza miaka 18. Katikati ya umri huu na ule mna miaka 11, na ndani ya miaka hiyo kazi ya baba yabadilika polepole. Wengi wetu hatuoni inapobadilika. Twamsemesha kijana wa miaka 17 kwa sauti ile ile tuliyomwitia akiwa na miaka 8, kisha twastaajabu kwamba hasikii.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu yeyote asilazimishwe kuipokea imani, kwa sababu tendo la imani kwa asili yake ni tendo la hiari. Tamko hilo hilo lakiri kwamba wazazi wanayo haki ya kupanga maisha ya dini nyumbani mwao. Basi mambo haya mawili yaliwekwa pamoja, na baba wa nyumba hana ruhusa ya kushika moja na kulitupa la pili. Ayashikeje yote mawili? Hapa nimesaidiwa na mtu ambaye wengi wetu twamjua kama Askofu na Mwalimu wa Kanisa, tukisahau kwamba alikuwa mtoto wa baba, naye mwenyewe alikuwa baba. Namsema Mtakatifu Augustino.

Twapenda kuwasimulia akina mama habari za Monika aliyemlilia mwanawe miaka mingi. Habari za Patricius, mumewe, hatuzisimulii, ingawa sisi akina baba zatuhusu zaidi. Patricius alikuwa mtu wa mali kidogo katika mji wa Thagaste, nchi iitwayo leo Algeria. Augustino alipokuwa na miaka 16, masomo yake yalisimama mwaka mzima, akakaa nyumbani, huku baba yake akikusanya fedha za kumpeleka Karthago. Watu walimsifu baba huyo kwa kuwa alijitolea kupita uwezo wake. Sasa Augustino alipokuwa mtu mzima na kuandika Maungamo yake, alikumbuka sifa hizo, lakini akasema pia kwamba baba yake hakujisumbua kujua mwanawe alikuwa anakua namna gani mbele ya Mungu. Alitaka awe msemaji hodari tu. Patricius alibatizwa mwisho wa maisha yake, na hatumhukumu. Lakini ni nani kati yetu asiyemtambua? Ndiye baba alipaye karo, auzaye ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya karo, na akiisha kulipa aona amemaliza. Habari za Mungu amewaachia mama na katekista.

Augustino naye alipata mtoto wa kiume nje ya ndoa, akamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Usiku wa Pasaka mwaka 387, mjini Milano, Askofu Ambrosi aliwabatiza baba na mwana pamoja. Kijana alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Fikirini jambo hilo: baba na mtoto wakishuka majini usiku mmoja, wote wawili wanafunzi. Waliporudi Afrika, Augustino aliandika kitabu kiitwacho Juu ya Mwalimu, ambacho chote ni mazungumzo yake na Adeodatus. Asema katika Maungamo kwamba maneno yote yaliyotiwa humo kinywani mwa kijana yalikuwa mawazo ya kijana mwenyewe akiwa na miaka 16, na kwamba akili ya mwanawe ilimtia hofu. Baada ya muda si mrefu Adeodatus akafa.

Wanazungumza nini? Wanaanza na jambo dogo: maneno ni kitu gani, na mtu asemapo na mwenziwe hufanya nini. Wazungumza hata juu ya mtu anayeuonyesha ukuta kwa kidole. Mwisho wafika hapa: mwalimu hawezi kuutia ukweli ndani ya mwanafunzi kama atiavyo maji mtungini. Maneno yake ni kidole tu. Afundishaye ndani, ambako mtu huona na kukubali kwamba jambo ni kweli, ni Kristo peke yake. Nami naona si bure kwamba Augustino alifikia neno hilo akizungumza na mtoto wake mwenyewe. Mwalimu wa shule aweza kujidanganya miaka mingi kwamba yeye ndiye ajazaye vichwa. Baba wa kijana wa miaka 16 hawezi.

Basi tupambanue. Saa ya kuamka baba aweza kuiamuru. Kunyamaza wakati wa sala, kuzima redio na simu, kumheshimu padre na mzee, kutodhihaki imani ya nyumba: haya yote aweza kuyaamuru, tena yampasa. Hiki ndicho kidole. Lakini kutazama kunakofuata si kwake, na akijaribu kukigeuza kichwa cha mtoto kwa nguvu, mtoto atafumba macho. Mtume Paulo alijua jambo hili. Alipowaandikia Wakolosai hakukoma kwa kuwaagiza watoto utii. Aliwageukia na akina baba, akawakataza ukali uvunjao moyo wa mtoto.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu, kwa kuwa ndio ulionifanya nifikiri zaidi. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 17, alinijia Jumamosi usiku akasema kwa adabu, "Baba, kesho sitakwenda Misa." Nilimwuliza sababu. Akanyamaza kwanza, kisha akataja nyumba moja ya jirani ambamo jumuiya yetu ndogo husali zamu ikifika. Mwenye nyumba huongoza litania kwa sauti nzuri. Lakini binti wa kazi wa nyumba ile haitwi sebuleni. Wakati wa sala yuko jikoni akichemsha chai ya wageni, na alikuwa hajalipwa miezi mitatu. Mwanangu alijua kwa sababu binti alikuja kumwomba mama yake nauli. "Baba," akasema, "kama ule ndio Ukristo, mimi naomba uniache."

Sikumwona kijana aliyepoteza imani. Katekisimu tuliyokaririshwa utotoni yahesabu kumdhulumu mfanyakazi mshahara wake miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Kijana alikuwa ameishika katekisimu kuliko wale walioimba litania. Hasira ile ni nani aliyemtia? Mimi sikumfundisha, nilikuwa nimepita katika sebule ile ile nikanywa chai ile ile. Nilifahamu ya kuwa yule Mwalimu wa ndani alikuwa kazini kabla sijafungua kinywa.

Nilimjibu hivi. Ulichokiona ni kweli, nami sitakitetea. Kesho utakwenda, maana ungali chini ya mkono wangu, na katika nyumba hii Jumapili ni ya Bwana. Lakini sitakuuliza umesali nini, wala sitakutazama kama midomo yako yafuata. Ukiona huna la kumwambia Mungu, mwambie habari za yule binti. Na kwenda kuzungumza na jirani ni kazi yangu, si yako. Wewe u mtoto kwake, mimi ni mzee mwenziwe.

Nilikwenda na mzee mwingine wa jumuiya. Hatukupokewa vizuri. Mshahara ulilipwa nusu mwezi ule, na iliyosalia ilichukua muda. Mwanangu alikwenda Misa, akakaa nyuma kabisa pamoja na vijana wenziwe, na sijui hata leo alisali nini. Mama yake aliona nimemlegezea. Mzee mwenzangu aliona nimemkaza mno. Labda kila mmoja ana haki kidogo. Lakini najua kwamba kama ningalimwamuru tu bila kwenda kwa jirani, angalijifunza kuwa sala ni kazi ya miguu. Na kama ningalimwacha alale, angalijifunza kwamba dhambi ya mtu mwingine yatosha kumtenga yeye na Mungu wake.

Sasa amevuka miaka 18, yuko chuoni mbali na sisi, na amri yangu haifiki huko. Jumapili jioni hupiga simu. Simwulizi kama alikwenda kanisani. Namweleza nani alisoma somo la kwanza na padre alihubiri nini, na mama yake hutaka kusikia alikula nini. Mara nyingine hunijibu kwamba padre wa huko aliieleza Injili ile kwa namna nyingine, nasi twabishana mpaka salio lake liishe. Mara nyingine hunyamaza, nami naingiza habari za mvua na za mahindi.