HELA ILIYOFUKIWA

Huku kwetu Kusini, toka Mikindani hadi mlango wa Ruvuma, wapo wachimbao mali ya Mjerumani, wengine kwa mashine inayolia penye madini. Akiokota heller chafu, mtu huisugua kwa mchanga na ndimu. Masikini! Wanunuzi wa sarafu za kale hawaitaki iliyokwanguliwa. Na dukani haipiti: ufalme ulioitoa mwaka 1904 ulianguka 1918. Limebaki jina tu, hela.

Ndugu, wewe nawe umefukiwa! Pombe, uzinzi, hirizi. Unasema, "Nijisafishe kwanza, ndipo niokoke." HAPANA! Utajikwangua bure. Heller ina taji chini ya uchafu, ila mfalme wake hayupo. Wewe una sura ya Mungu chini ya dhambi, na Mfalme wako YU HAI!

Soma Luka 15. Yule mama aliwasha taa, akafagia hadi akaiona shilingi yake. Shilingi haikujiosha, ilitafutwa!

Njoo ulivyo, leo hii. Sema: "Bwana Yesu, nimechafuka. Niokote, unioshe kwa damu yako. Amina."