KINYUME CHA MANTIKI

Mwalimu apendaye mazoezi ya vinyume hana taabu na maneno kama refu na fupi, au tajiri na maskini. Taabu huanza anapouliza kinyume cha mantiki. Mmoja hutaja ujinga, wa pili wazimu, wa tatu upuuzi, na aliyeketi nyuma kabisa, ambaye amesikia mazungumzo ya wakubwa, hutaja imani. Sisi twaona kwamba majibu hayo hayatoshi, na kwamba hilo la mwisho lataka uangalifu mkubwa.

Tuanze na ujinga. Zamani, katika miji ya pwani, mjinga alikuwa mgeni, mtu aliyeingia mjini asijue mila wala njia za wenyeji. Hakuwa na kasoro ya akili; alikuwa hajafundishwa. Ndiyo maana taifa letu liliweza kuuhesabu ujinga, pamoja na umaskini na maradhi, kuwa adui anayeshindika, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkulima asiyejua kusoma aweza kupima hoja barazani kuliko karani mwenye vyeti. Wazimu nao ni maradhi, wala hatumlaumu mgonjwa. Upuuzi una uzito zaidi kidogo, kwani umetokana na kupuuza: mpuuzi ni mtu aliyeonyeshwa jambo akaliacha lipite.

Yako maneno mawili yanayofika karibu zaidi na shabaha, nayo ni hamaki na jazba. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, kama lilivyotoka neno mantiki, ambalo asili yake ni kunena. Huko lilikotoka, hamaki ni upumbavu. Waswahili walipolichukua wakalifanya kuwa hasira ya ghafla, na hatudhani kwamba walikosea: walikwisha kuwaona watu wenye akili timamu wakiwa wapumbavu kwa muda wa dakika tano. (Wanaosema kwamba lugha yetu haina falsafa wangefanya vema kufungua kamusi kwanza.) Jazba, kwa asili, ni mvuto, mtu amekokotwa. Na akili ina nasaba na kumfunga ngamia mguu kwa kamba asitoroke. Mwenye akili husimama palepale mpaka atazame. Mwenye jazba amekata kamba.

Hatusemi haya kwa kujifurahisha na maneno. Katika sehemu za Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Kati ya mwaka 1970 na 1984, waliouawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi walizidi 3,000. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika kibanda kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi au kwa mavi makavu ya ng'ombe pale miti ilipokwisha, atayapata wapi macho meupe? Mtoto wa jirani akafa kwa homa. Mtu akayakumbuka macho hayo. Na usiku watu wakaja.

Wengi husema kwamba wauaji hao hawakutumia mantiki. Hapa twamwomba msomaji atulie. Wauaji walitoa hoja, tena yenye umbo: wachawi wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, kwa hiyo bibi huyu ni mchawi. Tuliache swali la nani aliyewahesabu wachawi na kuyakagua macho yao. Aristotle, Myunani aliyeandika juu ya mantiki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, angelikataa umbo lenyewe, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kulikataa pia: mbuzi wana miguu minne, meza hii ina miguu minne, basi meza hii ni mbuzi? Darasa zima litacheka. Kwa nini basi mtu yule yule hacheki mbele ya mlango wa bibi? Si kwamba hajui. Mtoto amekufa, na lazima apatikane wa kulipa. Mara nyingine pana shamba au ng'ombe wa kurithiwa, na hoja huitwa baadaye, kama shahidi wa kukodi.

Ndiyo maana hatukubali imani ibebeshwe lawama yote. Katika Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, maji ya Kinjekitile wa Ngarambe hayakuzuia risasi, na makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa. Twalikiri hilo. Lakini kulazimishwa kulima pamba, kodi na kiboko vilikuwa sababu wazi kama mchana, na imani ile iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali waliokuwa na sababu hizo. Anayeyafunga yote hayo katika neno moja, ushirikina, hajapima chochote.

Mwalimu akitutaka tuandike neno ubaoni, tutaandika jazba, kisha chini yake tutaacha nafasi ya neno jingine: la mtu aliyeketi, akatulia, asihamaki hata kidogo, akaunda hoja baada ya kwisha kuchagua nani afe. Hila iko karibu, ila mwenye hila anajua kwamba anadanganya. Huyu wetu aghalabu huyasadiki maneno yake mwenyewe.