Pale Unapoishia

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimesimama juu ya karatasi moja ya mauziano. Imeandikwa kwa kalamu, imegongwa mhuri wa serikali ya mtaa, na mipaka yake imetajwa kwa majina: kaskazini Mzee Fulani, kusini Mama Fulani, mashariki njia, magharibi mwembe. Ukubwa ni 20 kwa 20, kwa hatua za dalali. Na dalali hupiga hatua fupi au ndefu kutegemea nani anamlipa.

Karatasi hiyo hutosha maadamu waliotajwa wako hai na wanasalimiana. Mzee akifariki, warithi wakauza, mwembe ukakatwa, mpaka unabaki yatima. Hata minyaa tunayoiamini ina tabia ya kutembea: hupogolewa upande mmoja, ikachipua upande wa pili, mwaka baada ya mwaka. Kesi inayofika Baraza la Ardhi na Nyumba si lazima iwe na mwizi ndani yake. Huenda ni watu wawili waaminifu, kila mmoja na mpaka anaoukumbuka yeye.

Ndiyo maana napenda kumtazama mpima ardhi akiwa kazini. Mwenye nyumba humngoja getini, tayari kumwonyesha kona zake. Mpima husikiliza kwa adabu, lakini hesabu zake hazianzii hapo. Huzianzisha kwenye alama za upimaji ambazo mahali pake panajulikana tangu zamani, pengine mbali kabisa na mtaa ule, ndipo aje nazo hadi kwako. Chako huthibitishwa kwa kuanzia nje ya ua wako. Na bikoni ikishachimbiwa, chuma ndani ya zege, ni ya wote wanaokutana kwenye kona ile. Kuing'oa ni kosa la jinai.

Tunamwita mpima atuambie tuna kiasi gani. Kikubwa anachotuambia ni pale tunapoishia. Ukuta umeingia kwa jirani nusu mita. Shimo la choo liko njiani. Chumba cha uani kimo katika hifadhi ya barabara, au ndani ya zile mita 60 kutoka ukingo wa mto ambamo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu. Habari hiyo ni chungu, lakini afadhali ije kabla ya msingi kuliko ije na alama ya X nyekundu ukutani. Walioshuhudia bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Somo hili huonekana wazi wakati wa urasimishaji wa makazi. Majirani huitwa kikaoni, wakatakiwa kila mmoja aachie kipande ili gari la wagonjwa lipate kupita. Hapo ndipo roho zetu hupimwa. Yupo anayesema hatoi hata shubiri, ilhali mgonjwa wake naye hubebwa mgongoni hadi barabarani. Anayekubali hubaki na eneo dogo kuliko la jana, ila sasa lina namba ya kiwanja, lina njia, na anaweza kuliombea hati.

Na hati yenyewe ina mwisho wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na sisi hupewa muda usiozidi miaka 99. Kumbe hata aliyekamilisha kila kitu ni mtunzaji tu. Anayelijua hilo hashindwi kumwachia jirani nusu mita iliyo haki yake.

Basi mwite mpima aliyesajiliwa kabla ya lori la kwanza la mchanga, na siku hiyo waalike majirani wa kona zote. Chai na maandazi ya asubuhi moja ni rahisi kuliko wakili.