Je, Mwenye Kuunganisha Amebuni?

Siku moja niliweka jiko la makaa juu ya meza darasani, nikawauliza wanafunzi wangu lina jambo gani jipya. Lilikuwa jiko lile lijulikanalo katika nyumba nyingi za Kenya: nje bati, ndani udongo uliochomwa, na kiuno chembamba katikati. Msichana mmoja alilitazama juu na chini, kisha akasema, "Mwalimu, bati lilikuwapo, na udongo ulikuwapo. Fundi huyu hakubuni kitu. Ameiba mara mbili." Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa wizi ni neno zito, na atuhumiwaye hana budi kusikilizwa.

Kwanza tumpe mshitaki haki yake. Jiko la bati tupu lilitumika nchini miaka mingi. Lilikuwa jepesi, bei yake nafuu, na fundi aliweza kuliunda kwa mabati makuukuu. Ila lilitumia moto kama mrithi mbadhirifu atumiavyo mali: joto jingi lilipotea mbavuni, likamwunguza na mtoto apitaye karibu. Mbali na hapa, huko Thailand, watu walipikia jiko la udongo lililotiwa ndani ya ndoo ya bati. Nao udongo hutunza joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa Kenya waliyakutanisha majiko hayo mawili. Mpaka hapo msichana hakukosea.

Lakini bati na udongo ni majirani wasiopatana. Vikipata moto havipanuki kwa kadiri moja, na mwenye kupasuka ni udongo. Majiko ya kwanza yalitia nyufa. Tena mengine hayakusimama imara mpishi alipousonga ugali kwa nguvu. Waliogundua kasoro hizi ni kina mama waliopewa majiko wayajaribu, wakarudi na malalamiko. Ndipo umbo likabadilishwa: jiko likapanuliwa juu na chini, likabanwa katikati. Bitana ya udongo ikawekwa sehemu ya juu tu, penye makaa, ikaegemea kiunoni. Chini, penye majivu, pakaachwa bati tupu, uzito ukapungua. Kati ya bati na udongo pakapakwa simiti iliyochanganywa na madini mepesi yanayozuia joto lisitoroke. Jiko likiundwa vema, huokoa theluthi ya makaa, au zaidi.

Sasa na niulize: kiuno kile kilitoka wapi? Hakikutoka katika jiko la zamani, wala katika ndoo ya Thailand. Kilizaliwa na ugomvi wa vitu viwili na subira ya watu waliotaka kuupatanisha. Hapo ndipo nionapo ubunifu.

Kuhusu wizi, mwizi humpunguzia mwenye mali. Mpishi wa Thailand hakupungukiwa na chochote. Anachodai ni kutajwa tu, na kumnyima hilo ni utovu wa shukrani. Hata jiko lenyewe halikufungiwa mlango. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, na wa miji mingine waliliiga, na mfano wake ukavuka mipaka hadi Uganda na Tanzania. Baadhi yao waliiga sura bila maarifa: udongo haukuiva jokoni, wakaupaka rangi, wakauza. Niliwahi kununua moja la namna hiyo, halikumaliza mwezi. Mimi nilipoteza fedha kidogo, lakini mama aliyedunduliza senti zake miezi mitatu amepoteza zaidi. Aliyemwuzia huyo ndiye ningempeleka mbele ya hakimu.

Nilipomweleza msichana haya, alinyamaza kitambo. "Na wale kina mama waliorudi na malalamiko," akasema, "wao tuwaiteje?" Akalipindua jiko, akalitazama chini kama atafutaye jina. Lilikuwa na masizi tu.