Achia Mgandamizo, Shika Umeme

Wewe unayechukua PCM (fizikia, kemia na hisabati), unayeambiwa kila siku kwamba makubwa yote ya fizikia yalishagunduliwa, sogea hapa. Kuna kazi haijaisha.

Mwaka 1911, kule Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, akaona ukinzani wake wa umeme umetoweka. Tangu siku hiyo supakondakta, yaani vitu vyenye sifa hiyo, zinatutesa kwa baridi yao. Sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, gesi ghali ambayo hata sisi Watanzania tunaisaka Rukwa.

Mgandamizo ndio uliofungua mlango. Mwaka 2015 timu ya Mikhail Eremets huko Mainz, Ujerumani, ilibana mchanganyiko wa haidrojeni na salfa kwa takriban gigapaskali 150, yaani mara milioni moja na nusu ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Ikapata supakondakta kwenye nyuzi 70 tu chini ya sifuri. Baadaye lanthanamu na haidrojeni zikafika karibu nyuzi 23 chini ya sifuri. Hongera nyingi, lakini sampuli yenyewe ni punje iliyobanwa kati ya ncha za almasi mbili. Legeza skrubu, sifa yote inayeyuka. Nani atavuta umeme wa Rufiji hadi Dar es Salaam ndani ya almasi?

Ndiyo maana nataka uitazame Houston, Marekani. Ching-Wu Chu, aliyekuwa miongoni mwa waliotangaza mwaka 1987 supakondakta ya kwanza inayopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika tu, angeweza kula pensheni yake kwa raha. Badala yake yeye na Liangzi Deng wakaanza kufanya jambo la ajabu: wanabana, wanapoza sana, kisha, baridi ikiwa bado kali, wanaachia mgandamizo ghafla. Atomu zinatamani kurudi zilikotoka, ila baridi imezinyima nguvu ya kuruka kizingiti. Zinabaki pale pale.

Mwaka 2021 walifanya hivyo kwa seleniamu na chuma. Kiwango cha kawaida cha joto ambacho mchanganyiko huo hugeuka supakondakta ni nyuzi 264 chini ya sifuri. Mgandamizo ulikipandisha, na walipoachia, kikabaki kwenye 236, bila kibanio chochote, na hali hiyo ikadumu angalau siku saba. Mwaka 2025 wakaja na msombo wa bismuthi, antimoni na teluriamu, ambao bila kubanwa si supakondakta kabisa. Ukaendelea kuwa supakondakta nje ya mgandamizo, kwenye nyuzi 263 chini ya sifuri. Chu alikuwa na miaka 83.

Utaniambia nyuzi 263 ni baridi ile ile ya zamani. Sawa, na hakuna waya utakaotoka hapo kesho. Lakini mlango wa kutokea umeonekana, na maumbile yenyewe yalishaupita. Almasi za Mwadui zilizaliwa zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi, zikarushwa juu na magma ya kimbalaiti kwa kasi, kaboni isipate nafasi ya kugeuka grafiti. Huku juu grafiti ndiyo iliyo tulivu zaidi, na bado hakuna bibi harusi ambaye pete yake imegeuka risasi ya penseli.

Usisubiri maabara ya mabilioni. Kukokotoa ni muundo gani utakwama na upi utaporomoka kunaanzia kwenye kompyuta, na programu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure. Shule ya Kiafrika ya mbinu hizo, ASESMA, ilifanyika Eldoret mwaka 2012 na Kigali mwaka 2023. Fuatilia ijayo, omba nafasi, na ukinyimwa omba tena. Komaa na thamodainamikia, ile mada ambayo wenzako wanaikwepa kwenye mtihani. Lanthanamu na haidrojeni bado zinaishi ndani ya almasi tu. Anza na hizo.