Je, Fundi Alipwe kwa Kukadiria Kazi?

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, na nyumba nyingi za Bukoba zikaanguka au zikapasuka kuta. Katika majira kama hayo fundi muashi hapumziki. Huyu amwita Kashai, yule amwita Kamachumu huko Muleba. Fundi hupanda gari, huzitazama nyufa, huhesabu matofali na mifuko ya saruji, kisha hutaja jumla. Mwenye nyumba husema, "Nimesikia, fundi, nitakuita." Wala hamwiti.

Je, fundi huyo ana haki ya kudai malipo kwa siku ile?

Wengi husema hana, kwa kuwa hakujenga kitu. Lakini mkulima wetu apelekapo kahawa yake mizanini, huikodolea macho mizani ili hata robo kilo isimpotee. Mbona siku nzima ya fundi haipimi? Kurani Tukufu, katika sura Al-Mutaffifin, yawaonya watu watakao kipimo kamili wanapopokea, na kupunja wanapowapimia wenzao. Tena yupo aitaye mafundi wanne hali kazi amekwisha kumwahidi shemeji yake. Ataka tarakimu tu za kumshushia bei. Huyo, kwa maoni yangu, amewadanganya wote wanne.

Lakini fundi naye asijifiche. Imepokelewa katika Hadithi kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza kumwajiri mtu bila kumjulisha ujira wake. Basi kwa kulinganisha na hayo, mwenye nyumba naye asishtukizwe: atakaye kulipwa aseme kabla ya kupanda gari. Katika Buhaya jambo hili ni zito. Mgeni akiisha kupokea kahawa ya kutafuna, ulimi wake hushindwa kutaja fedha. Hivyo hunyamaza, kisha gharama ya safari ile huiingiza katika bei ya mteja mwingine asiyejua neno. Kazi iliyoitwa ya bure imelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa; nami naona hilo ni baya kuliko ada iliyotajwa waziwazi.

Waweza pia kupatana kwamba fundi akipewa kazi yenyewe, ada ile ikatwe katika malipo yake.

Na mjane ambaye ukuta wake umepasuka, naye hana kitu? Hapo fundi aweza kwenda kwa ajili ya Mungu, na jirani mwenye uwezo akamlipia nauli.